Dhoruba Haisubiri Mkalimani

Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Wichita, Kansas, kabla ya msimu wa dhoruba

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu mliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Eldoret na kwingineko, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi kwa kuja na watoto, maana maneno ya leo yanawahusu wao kuliko sisi. Wengi wenu mnanifahamu kwa kazi ya lori. Leo nimeitwa kwa jambo jingine: niwasimulie siku moja niliyoshinda katika nyika za magharibi ya Kansas nikifuata dhoruba.

Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, mtu mwenye watoto anafuata nini kwenye radi?" Nimemwahidi jibu. Lakini jibu lenyewe linaanzia miaka kadhaa nyuma, usiku ambao sikuwa nikifuata chochote. Nilikuwa nyumbani kwangu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Wichita. Mnajua ving'ora vya mji huu hujaribiwa kila Jumatatu saa sita mchana, nami nilikwisha kuvizoea. Usiku wa Alhamisi moja, mwezi wa tano, vikalia, nikasema moyoni: wanajaribu. Muda mfupi kabla ya hapo simu yangu ilikuwa imetoa mlio wa ajabu. Nikaona maneno mengi ya Kiingereza, nikadhani ni matangazo ya biashara, nikayafuta. Nikatoka kibarazani nimempakata mwanangu wa miaka mitatu, tutazame umeme. Umeme wenyewe ulikuwa haukatiki. Mmweko mmoja haujazimika, mwingine umekwisha kuwaka, na ngurumo hazikutengana, ulikuwa mvumo mmoja tu. Mtoto alikuwa anacheka. Ndipo jirani yangu, bibi wa Kimarekani ambaye hatujawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, akaja mbio na tochi, akamchukua mwanangu mikononi mwangu bila kuomba ruhusa, akatuonyesha kwa kidole: chini. Tulikaa chini ya ngazi zake karibu saa nzima. Upepo ule ulipita mashambani, mbali na mtaa wetu.

Kesho yake nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: ulijuaje kwamba mara hii si majaribio? Akasema, "Kuna watu wako huko nje wanaangalia." Maneno hayo yalininyima usingizi wiki nzima. Watu gani? Wanaangalia nini? Na kwa nini wanachokiona kimfikie yeye kisinifikie mimi, ilhali tunatenganishwa na ukuta mmoja?

Nikaenda kuwatafuta. Ofisi za Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa huwafundisha watazamaji wa kujitolea bila malipo, kila mwaka kabla ya msimu kuanza. Mpango huo unaitwa Skywarn. Nilihudhuria darasa lile mara ya kwanza nikaelewa nusu. Mwaka uliofuata nikahudhuria tena.

Kabla sijaingia kwenye siku yenyewe, tuelewane juu ya neno. Kiswahili chetu kinasema kimbunga, na neno hilo limebebeshwa mizigo miwili. Hidaya, iliyofika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, iliitwa kimbunga. Ile ni dhoruba ya baharini, upana wake mamia ya kilomita, na watu huifuatilia kwa siku kadhaa kabla haijafika. Ya huku ni nyingine kabisa: mara nyingi upana wake ni kama uwanja wa mpira, umri wake ni dakika chache, na hutoka tumboni mwa wingu la radi. Nitaiita tonado. Waliokulia Shinyanga kama mimi wanaijua chamchela, ile inayozunguka na vumbi mchana wa kiangazi, tukaikimbilia tukiwa watoto. Chamchela huzaliwa na ardhi iliyochomwa na jua, wala juu yake hakuna wingu. Nawaomba wazazi msiwaambie watoto kwamba tonado ni chamchela kubwa. Mtoto aliyewahi kuikimbilia chamchela ataikimbilia na hii.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, na garini tulikuwa watatu. Alikuwepo mzee mmoja wa hapa, mkulima wa ngano aliyestaafu, aliyezisoma mbingu za Kansas tangu utotoni. Alikuwepo binti wa majirani zangu wa Uvira, mwanafunzi wa chuo, ambaye huniita mjomba. Kazi yake ilikuwa kuangalia rada kwenye kompyuta ndogo. Mimi nilikuwa dereva. Asubuhi Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, kilikuwa kimekwisha kutoa ramani ya siku. Wao hupanga hatari kwa ngazi tano, na kusini magharibi ya Kansas ilikuwa ngazi ya tatu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tuliondoka hapa saa nne asubuhi kwa barabara ya 54, tukapita Kingman, tukapita Pratt, na mbingu haikuwa na hata kijiwingu. Ngano ilikuwa imefika kiunoni na inaanza kugeuka rangi. Lakini nilipoteremka Pratt kutia mafuta, shati liliniganda mgongoni. Nilisimama pale nikashangaa, kwa sababu hewa ile niliifahamu: ilikuwa hewa ya Dar es Salaam mwezi wa pili, nzito, yenye chumvichumvi puani. Bahari iko zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo! Yule mzee akaniambia, "Hiyo ni Ghuba ya Mexico. Imesafiri usiku kucha kuja kwetu."

Hapo ndipo ilipo siri ya nchi hii. Kutoka kusini huja hewa ya joto yenye unyevu wa Ghuba, inatambaa chini chini juu ya nyika, na hakuna mlima wa kuizuia. Kutoka magharibi, kutoka nyanda za juu za New Mexico, huja hewa kavu ya jangwani. Zinapokutana, hujengeka mpaka baina yao ambao wataalamu huuita mstari mkavu. Ukiuvuka kwa gari, jasho linakauka na midomo inapasuka ndani ya nusu saa. Halafu juu kabisa, kilomita 10 hivi, upepo wenye nguvu unavuka Milima ya Rocky ukielekea mashariki.

Lakini kati ya hewa ya chini na baridi ya juu kuna tabaka la hewa vuguvugu iliyokaa kama kifuniko. Fikirini sufuria ya maharage kwenye moto mkali, kifuniko kimebanwa sawasawa. Kisipobanwa, mvuke hutoka kidogokidogo tangu asubuhi, na jioni huna cha kuogopa. Kikibanwa mpaka alasiri, ndipo kitakapofunguka mtaona. Kwa hiyo mbingu ile safi ya saa sita mchana, ambayo mgeni angeifurahia, mzee wetu aliitazama akanyamaza.

Tulifika Greensburg saa saba na nusu. Pale pana kisima kikubwa kilichochimbwa kwa mikono mwaka 1887 na 1888, kina chake mita 33, na wageni hukishukia ngazi kukitazama. Hatukukitazama. Tuliegesha kwenye kituo cha mafuta na kusubiri, pamoja na magari mengine sita au saba yenye antena na vioo vilivyopasuka. Mtu akiwaambia kwamba kufuata dhoruba ni mbio tupu, mwambieni kwamba ni kusubiri. Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu na nusu. Tulikula mkate na njugu. Binti alikuwa ananisomea nyuzi za unyevu kila nusu saa. Kifuniko hakijafunguka, mjomba. Bado. Bado. Siku nyingi huishia hivyo, watu wakarudi nyumbani na mbingu yao ya bluu.

Ni katika kusubiri huko ndipo mzee alipotusimulia usiku wa tarehe 4 Mei 2007. Saa nne kasorobo usiku tonado yenye upana wa kilomita 2.7 iliingia mji ule kutoka kusini. Ilikuwa ya kwanza kupewa daraja la juu kabisa, EF5, tangu kipimo cha Fujita, kile cha nguvu za tonado, kilipoboreshwa mwaka huo. Nyumba tisa katika kila kumi zilifutika au kuharibika. Alipokwenda kusaidia asubuhi, alisema, hakuweza kuijua barabara kuu, ingawa ameipita miaka arobaini, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuitambulishia. Hata miti ilikuwa imemenywa maganda.

Saa kumi na moja jioni binti akasema, "Mjomba, tazama kusini magharibi." Mbali sana, upande wa Ashland, wingu moja lilikuwa limesimama. Nimeona mawingu ya masika maisha yangu yote, lakini hayo ya kwetu huja kwa kundi, yakasukumana. Hili lilikuwa peke yake. Pembe zake zilikuwa kali kama koliflawa mbichi, na lilikuwa linapanda huku unaliangalia, hivi unavyoangalia maziwa yakifura kwenye sufuria. Ndani ya dakika ishirini kichwa chake kilikuwa kimegonga dari ya anga na kutandazika, bapa, kama fuawe la mhunzi. Kifuniko kilikuwa kimefunguka, lakini mahali pamoja tu.

Tuliteremka kusini kwa barabara ya 183 kuelekea Coldwater. Kanuni ya kwanza waliyonifundisha ni hii: dhoruba hizi huelekea kaskazini mashariki mara nyingi, basi wewe kaa kusini mashariki yake, ili mvua na mawe viwe mbali nawe na wewe uione sehemu ya chini iliyo kavu. Kanuni ya pili: usisimame mahali ambapo hujui utatokaje. Barabara za mashambani huku zimepangwa kama mistari ya daftari, lakini nyingi ni za udongo, na zikipata mvua ya dakika kumi zinateleza kama sabuni. Tuliegesha kwenye kokoto, pua ya gari ikielekea mashariki, injini inanguruma.

Nataka niwaonyeshe tulichokiona, kwa sababu kesho na keshokutwa ni nyinyi mtakaokiona kupitia dirishani.

Jambo la kwanza ni upepo. Dhoruba ilikuwa mbele yetu, magharibi, na nilitarajia upepo unipige usoni. Ulikuwa unanipiga mgongoni. Ngano yote ilikuwa imeinamia upande wa wingu, kama waumini wamerukuu. Wingu lilikuwa linavuta pumzi. Jambo la pili ni kuzunguka. Mnajua fundi anavyosokota kamba kwenye paja: mkono mmoja unakwenda mbele, nyuzi zinajiviringa. Upepo wa chini ulikuwa unatoka kusini mashariki, wa juu unatoka magharibi kwa kasi kubwa, na hewa iliyobanwa katikati inaviringika kama kamba hiyo, imelala. Wingu linapoipandisha, kamba inasimama wima. Kwa hiyo mnara wote ule, kilomita nyingi kwenda juu, ulikuwa unazunguka polepole mbele ya macho yetu, na mikunjo yake ilionekana kama ya skrubu. Kwetu Ikweta upepo wa chini na wa juu hautofautiani sana, ndiyo maana Kericho wanapigwa na mvua ya mawe mwaka hata mwaka, chai ikaharibika, lakini tonado kubwa hawazijui.

Chini ya wingu, mahali pasipo na mvua, kipande kikashuka kuliko vingine. Wataalamu hukiita wingu la ukuta. Kilikuwa cheusi, kimeninginia, kinazunguka kwa kasi kuliko mnara. Ndege wakanyamaza. Mawe yakaanza kudondoka moja moja, kwa nafasi; unasikia kishindo kwenye shamba, unahesabu mpaka nne, unasikia kingine. Moja lilianguka hatua tatu kutoka gari. Mzee akaliokota, akalipasua kwa kisu cha mfukoni, akamwonyesha binti: ndani lina pete, ya kioo, kisha nyeupe, kisha ya kioo, kama kitunguu. Kila pete ni sehemu ya wingu ambako jiwe lile lilipita likaongezwa barafu. Lilikuwa na ukubwa wa limau. Binti alilishika mpaka vidole vikawa vyekundu.

Nami nilikuwa naangalia juu, nikingojea mkonga ushuke kama picha zinavyoonyesha. Mzee akanishika bega. "Angalia chini," akasema. Chini ya lile wingu, shambani, vumbi jekundu lilikuwa limekwisha kuanza kuzunguka, na baina ya vumbi na wingu hapakuwa na kitu cha kuonekana. "Imekwisha kugusa."

Ndugu zangu, shikeni hilo. Tonado inaweza kuwa ardhini kabla hujaiona. Ule mkonga wa tembo tunaoujua kwenye picha ni mvuke tu uliogeuka matone. Upepo wenyewe hauna rangi. Nusu dakika baadaye mkonga ukajichora kutoka juu, mwembamba, mweupe upande wa jua, ukaungana na vumbi. Sauti yake tulipokuwa, kilomita tatu hivi, ilikuwa ya maji yaangukayo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa haina pumziko.

Binti alikuwa amekwisha kupiga simu ofisi ya hali ya hewa. Mikono yake ilitetemeka, sauti haikutetemeka. Alitaja tulipo, saa, upande tunaotazama, umbali, na inakoelekea: kaskazini mashariki. Basi. Simu haikufika dakika moja. Onyo la tonado lilikuwa limekwisha kutolewa robo saa kabla, kwa sababu rada iliona mzunguko angani. Lakini mwali wa rada huenda moja kwa moja na dunia inajikunja. Kufika pale tulipokuwa kutoka kituo cha Dodge City, mwali unapita zaidi ya kilomita moja juu ya ardhi. Rada inaona bega la dhoruba. Miguu haiioni. Kwa hiyo lile onyo la kwanza lilisema tonado imeashiriwa na rada. Baada ya simu ile likatoka jipya, na neno moja lilikuwa limebadilika: imeonekana.

Mzee uliyeniuliza mlangoni, hicho ndicho ninachokifuata kwenye radi. Neno hilo moja. Maana mtu aliyechoka kazini, aliyekwisha kusikia maonyo kumi yasiyoleta kitu, akisoma "imeashiriwa" anaweza kuendelea kula. Akisoma "imeonekana" anawaamsha watoto.

Tonado ile iliishi dakika saba. Ikakonda, ikapinda kama kamba iliyolegea, ikakatika, na katika njia yake ilikuwa imekuta ua wa ng'ombe na ngano tu. Lakini mnara wake uliendelea kuzunguka, na uelekeo wake ulikuwa Greensburg, karibu kwa njia ileile ya mwaka 2007. Tulirudi kaskazini tukiwa mbele yake, mbali nayo. Tulipokaribia mji tulisikia ving'ora. Mitaa ilikuwa mitupu; mlango mmoja wa baa ulikuwa wazi, taa zinawaka, hakuna mtu ndani. Mawe yalipiga, mvua ikapiga, giza likaingia saa moja jioni, na halikushuka jambo jingine. Wingu lilipopita nikaona watu wakipanda kutoka chini ya nyumba zao. Mama mmoja alitoka na mito miwili kwapani na watoto wawili wamevaa kofia ngumu za baiskeli. Nilimwuliza kama alikuwepo 2007. Akasema ndiyo, alikuwa na umri wa huyu mkubwa.

Niliendesha kurudi Wichita usiku ule bila kusema mengi, kwa sababu njiani hupita mawazo ya miji mingine ya jirani zetu. Udall mnaijua, iko kusini mashariki ya hapa, mwendo wa nusu saa. Tarehe 25 Mei 1955, saa nne na nusu usiku, watu wamekwisha kulala, tonado ikapita katikati yake. Hakuna onyo lililowafikia. Ulikuwa mji wa watu kama 600, na waliokufa walikuwa wapatao 80. Greensburg walikuwa watu wapatao 1,400, usiku vilevile, tonado ya daraja hilohilo la juu, nyumba zimefutika zaidi. Lakini ving'ora vilikuwa vimelia dakika ishirini hivi kabla, na ofisi ya Dodge City ilikuwa imetoa tangazo la dharura kwa jina la mji. Waliokufa walikuwa zaidi ya kumi kidogo. Kila mmoja wao ana mtu anayemlilia. Lakini pimeni wenyewe tofauti hiyo.

Na Andover, hapa mlangoni petu, ambako baadhi yenu mnafanya kazi. Tarehe 26 Aprili 1991 ving'ora vya Andover havikulia. Polisi walizunguka kwenye mtaa wa nyumba za trela wakiwaita watu kwa vipaza sauti. Tonado ile iliua watu 17. Tarehe 29 Aprili 2022 ikaja nyingine Andover, hafifu kuliko ya kwanza lakini yenye nguvu ya kung'oa nyumba, na mamia ya majengo yaliharibika. Haikumwua mtu hata mmoja.

Haya hayakuja yenyewe. Kwa miongo mingi watabiri wa serikali ya Marekani walizuiwa hata kulitaja neno tonado katika utabiri, kwa hofu kwamba watu watataharuki. Mwezi Machi 1948 maofisa wawili wa jeshi la anga, Fawbush na Miller, walitabiri tonado kwenye kambi ya Tinker, Oklahoma, siku tano tu baada ya nyingine kuipiga kambi hiyohiyo, nayo ikaja kweli jioni ile. Miaka miwili baadaye, 1950, kizuizi kikaondolewa. Tarehe 24 Mei 1973, huko Union City, Oklahoma, wafuatiliaji waliipiga picha tonado tangu kuzaliwa hadi kufa huku rada ya Doppler, ile inayopima mwendo wa upepo, ikiitazama ndani ya wingu, na walipolinganisha, wakaijua alama ya mzunguko inayotangulia. Maonyo tunayopata leo yana deni kwa watu waliosimama mashambani siku hiyo.

Sitawaficha bei yake. Tarehe 31 Mei 2013, El Reno, Oklahoma, tonado ilipanuka ghafla mpaka kilomita 4.2, pana kuliko yoyote iliyowahi kurekodiwa, ikageuza njia. Ikamwua Tim Samaras, mtafiti aliyeheshimiwa kwa uangalifu wake, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Na usiku ule wa Andover 2022, wanafunzi watatu wa hali ya hewa walikufa kwenye ajali ya barabarani wakirudi nyumbani Oklahoma. Kwa hiyo vijana, nisikilizeni: sijasimama hapa kuwaalika mkawashe magari. Anayetaka kuangalia, ajifunze kwanza, aende na anayejua. Wengi wetu tunahitajika zaidi kwenye simu kuliko barabarani.

Madereva wenzangu, nina neno kwenu. Msijifiche chini ya daraja. Najua mmeona video. Tarehe 3 Mei 1999 kule Oklahoma watu walikimbilia chini ya madaraja matatu, na kila daraja mtu mmoja alikufa. Upepo ukipita pembamba huongezeka kasi, na vitu vinavyoruka huingia humo humo. Lori tupu hupinduka mapema kuliko mnavyofikiri. Mkisikia onyo liko mbele yenu, tokeni kwenye barabara kuu, tafuteni jengo imara, kituo cha malori, choo chake, chumba cha ndani. Mzigo utachelewa. Uchelewe.

Sasa lugha. Simu inapolia usiku, itasema Kiingereza, na pengine Kihispania. Yako maneno mawili ambayo kwa Kiingereza yanafanana kwa mgeni na kwa uzito hayafanani. La kwanza, watch, mimi nalisema tahadhari: maana yake hali imeiva, tonado inaweza kutokea leo katika kaunti hizi, kwa saa kadhaa. Ukilipata, chaji simu, weka viatu vya watoto karibu na mlango, jua nani yuko wapi. La pili, warning, nalisema onyo: ipo, au rada inaiona, na una dakika chache. Ukilipata, shuka. Usitoke kibarazani. Usimpigie simu shemeji aliyeko Dallas. Shuka, na kama huna chini, ingia chumba cha katikati kisicho na dirisha. Walio kwenye trela watoke mapema, wakati wa tahadhari bado, waje kwa ndugu mwenye nyumba ya matofali. Mwenye nyumba hiyo asingoje kuombwa.

Tumetengeneza mnyororo wa simu, na karatasi ziko mezani pale. Kila jengo wanamokaa watu wetu litakuwa na mtu mmoja anayepiga, kwa Kiswahili, na kwa Kinyamulenge na Kirundi kwa wazee wasiokisikia vizuri. Binti niliyewatajia yuko hapa, amekaa pale nyuma, ndiye atakayekuwa anatupigia sisi wa kwanza. Usiku wowote akipiga, pokeeni. Bibi yule jirani yangu hakujua Kiswahili, na alikuja hivyo hivyo na tochi yake. Sisi tunakijua.

Chini ya ukumbi huu kuna chumba cha kujikinga, na wenyeji wetu wamekubali kutufungulia wakati wowote onyo likitoka. Mlango ni huu wa kushoto kwangu. Ngazi ni kumi na nne, taa iko upande wa kulia, na ngazi ya mwisho ni fupi kuliko nyingine, jihadharini. Wenye watoto watatangulia. Nataka kila mtoto aende mpaka ukuta wa mwisho aushike kwa mkono wake, ili usiku ukifika awe anaujua. Wazee wangu, tutashuka pamoja, polepole. Nitaishika tochi mimi.